Mnara wa Nyuma

Mtu akimwona shemeji yangu barabarani hudhani amelewa. Anapepesuka, anashika kuta, na akifika penye uwazi anasimama kwanza kama anayesubiri kuruhusiwa. Wanawake wawili wa mtaa huu waliwahi kuja kunipa pole, eti dada yangu kapata mlevi. Niliwatoa mlangoni na pasi yangu ya moto mkononi. Shemeji yangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Kama kuna kitu kilichomlevya ni kazi, tena kazi ya halali.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, mtaa wa nyuma ya yale maghorofa mawili marefu. Sare za wafanyakazi wa kule huletwa kwangu, na ndivyo tulivyompata huyu bwana. Alileta sare yenye madoa ya grisi. Dada yangu, ambaye alikuwa ananisaidia kukunja, akamwambia grisi ile haitoki, labda aifue mwenyewe kwa mafuta ya taa aone kazi. Akacheka. Kesho yake akaleta nyingine chafu zaidi, na baada ya hapo akawa analeta hata sare safi. Nikajua kinachomleta si pasi yangu.

Kazini wanamwita Bawaba, kwa sababu kazi yake ni milango. Majengo yale yalijengwa mapacha, na huko juu, karibu na kilele, yameunganishwa kwa daraja la vioo ili watu wavuke bila kushuka. Kwa macho linapendeza. Lakini jengo refu halitulii kama unavyodhani ukiwa chini. Upepo ukilisukuma linakwenda na kurudi, polepole, na lile la pili nalo linakwenda kwa mwendo wake, wala hayaambizani. Daraja lingekazwa pande zote mbili lingekatika zamani. Kwa hiyo upande mmoja limefungwa kwa chuma, na upande wa pili limeachwa liteleze juu ya sahani za chuma zilizopakwa grisi, linaingia na kutoka kama mtoto wa meza. Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha sahani hizo na kuzipaka grisi, na upepo ukizidi, kufunga milango na kusimama hapo kuwazuia wenye haraka zao.

Mabawaba walikuwa wawili, kila mmoja na mlango wake. Shemeji alikuwa na mlango wa mnara wa mbele, ule unaoupokea upepo kifuani. Mwenzake, mtu mzima mwenye maneno machache, alikuwa na ule wa nyuma. Watu wa daraja wana namna yao ya kusimama. Magoti yanalegezwa, miguu inapanuliwa kidogo, na mwili unaiachia sakafu iende nao. Anayeshindana na jengo hutapika, anayelifuata hasikii kitu. Shemeji alikuwa bingwa. Siku ya upepo angeweza kubeba kikombe cha chai kilichojaa toka mlango mmoja hadi wa pili na tone lisimwagike. Alijisifia jambo hilo mpaka dada akamwambia basi aende akaombe kazi hotelini.

Kazi ilikuja na chumba. Kilikuwa juu kabisa kwenye mnara wa mbele, jirani na matangi ya maji, ghorofa ambayo wapangaji wenye fedha zao walikuwa wameikimbia kwa sababu ya kuyumba. Dada akahamia huko siku walipooana. Mwanzoni alinisimulia habari za madirisha, jinsi anavyoniona naanika nguo, nimekuwa kadogo kama sisimizi mwenye kiuno. Nilimwambia sisimizi wote wana kiuno. Tulikuwa tunacheka sana wakati ule.

Kisha ikaja miezi ya upepo. Alikuta taa ya darini inacheza peke yake, maji ya beseni yanapanda upande mmoja na kushuka, milango ya kabati inajifungua bila mtu. Kuta zilikuwa zinalia usiku kucha. Akaanza kutapika asubuhi, na sisi wajinga tukafurahi. Shemeji alitengeneza kitanda kidogo kwa mbao alizookota kwa mafundi. Mimi nilichagua vitambaa laini nikaviweka pembeni. Upepo ulipokata na kutapika kukakata, tukaelewa kwamba hapakuwa na mtoto, lilikuwa ni jengo tu. Na mtoto hakuja mwaka ule wala miaka iliyofuata. Wakabaki wao wawili, na labda ndiyo sababu walipendana kwa namna ile ya kung'ang'aniana.

Dada alikuwa mfumaji. Alifuma sweta za kuuza, tena za kupendeza, lakini siku za upepo hakuweza kuhesabu mishono. Akiinamisha kichwa tu, chumba kinageuka. Kila mwaka ilizidi. Daktari akamwambia kwamba mwili hupimia usawa wake ndani ya sikio, na sikio la dada yangu limekataa kuzoea. Wapo wanaozoea na wapo wasiozoea. Dawa ni kuishi chini.

Nilimwambia arudi kwangu. Akanijibu kwamba hakuolewa ili arudi kulala na dada yake anayekoroma. Basi shemeji akaenda kwa meneja kuomba chumba cha chini. Meneja alimzungusha, njoo kesho, njoo mwezi ujao, nami nikasema dua la kuku halimpati mwewe. Safari hii mwewe alisikia. Siku moja akamwita na kumwambia kuna vyumba viwili vimeachwa wazi, achague kimoja.

Cha kwanza kilikuwa chini kabisa, kwenye mnara wa mbele, ukuta mmoja na pampu za maji. Hakikuwa na dirisha, na pampu zilinguruma mchana na usiku. Cha pili kilikuwa kwenye mnara wa nyuma, juu, sawa na daraja. Kilikuwa kipana, chenye jua la asubuhi, na kilikuwa cha yule bawaba mwenzake ambaye alikuwa anastaafu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na shemeji hakutaka mke wake ainame. Alikuja hapa dukani kunieleza, uso unang'aa. Upepo wa nchi hii, wakati wake ukifika, hutoka upande mmoja tu. Mnara wa mbele ndio unaopigwa, yeye mwenyewe ameusikia miaka yote chini ya soli za viatu vyake. Wa nyuma umejificha.

"Shemeji, ukisimama nyuma ya ukuta, upepo utakupata?" aliniuliza.

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaamua, na kwa kweli hoja yake ilikuwa na akili. Mtu yeyote angeikubali. Alikwenda hata kumuuliza yule mzee anayestaafu kama huko nyuma kunayumba, naye akasema kidogo tu, si kama kwenu mbele. Mzee hakudanganya. Alikuwa na magoti ya daraja kama shemeji, asiyesikia kitu, na maisha yake yote aliwahurumia watu wa mbele kama wao walivyomwonea gere yeye. Mabawaba wawili, kila mmoja kwenye mlango wake, na hawakuwahi hata siku moja kubadilishana milango kwenye upepo mkali, kwa sababu ukishafungwa huvuki.

Dada alitaka kile cha chini. Aliniambia hivyo tukiwa tunakunja mashuka, kwamba kelele za pampu angezizoea. Ila alipomwona mume wake anavyopaka rangi kile cha juu, anavyopima pa kuweka kiti chake cha kufumia mkabala na jua, alinyamaza. Hakutaka kumvunja moyo. Na mimi ningekuwa yeye ningenyamaza vilevile.

Walihamia wakati wa utulivu, na miezi ile ilikuwa mizuri kweli. Dada alinenepa, akafuma sweta ya shemeji yenye mikono mirefu kupita kiasi, naye akaivaa hivyohivyo na kujidai. Nilikwenda kula kwao nikala mpaka nikaona aibu. Niliporudi nyumbani nilijiambia kwamba sasa hawa watu wamepata.

Upepo ulipokuja nilikuwa hapa napiga pasi nguo za watu. Ukavuma siku nzima. Dada hakushuka kama kawaida yake, nikaanza kuwa na wasiwasi, nikafunga duka nikapanda. Lifti zilikuwa zimepunguzwa mwendo, nikachelewa kufika. Nilimkuta amelala kwenye sakafu ya bafu, amekumbatia bomba la sinki. Chumba kilikuwa hakiendi mbele na nyuma kama kile cha zamani. Kilikuwa kinakwenda kulia, kinashtuka, kinarudi kushoto, halafu kinajipinda kidogo, na hujui kipi kitafuata. Mimi mwenyewe nilipiga magoti bila kutaka. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya chumba, magoti amelegeza, hatikisiki hata nywele. Alikuwa ananitazama na hajui mikono yake aiweke wapi.

Mhandisi wa jengo alikuja mwenyewe siku ya tatu, mwanamke kijana mwenye adabu, akakaa kwenye kile kiti cha kufumia na kutueleza. Upepo ukiupiga mnara wa mbele hupasuka, unazunguka pembeni kulia na kushoto, na huko nyuma unaachia mizingo, yaani upepo unaojizungusha kama kimbunga kidogo, moja upande huu, moja upande ule, kwa kupokezana. Mnara wa nyuma haupokei upepo, unapokea vipigo vya mizingo hiyo. Juu ya hapo kuna daraja. Ingawa linateleza haliachi kuvuta, kwa hiyo kila mnara unamtikisa mwenzake kidogo, na wa nyuma ndio unaoonewa zaidi. Nyuma ya ukuta wa uani pametulia kwa sababu mtu anakaa karibu na ukuta na ukuta wenyewe ni mfupi, alisema. Minara ina mambo yake.

Shemeji aliuliza kama inarekebishika. Mhandisi akasema ndiyo, kuna uzito mkubwa unaoweza kuning'inizwa juu ya paa ili upunguze mwendo, na ameshawaandikia wenye jengo, nao wamesema watalitazama. Nadhani bado wanalitazama mpaka leo.

Kile chumba cha chini alikuwa ameshapewa fundi wa pampu. Shemeji alikwenda kumwangukia, nami nikaenda pamoja naye nikiwa nimejiandaa kugomba. Tukamkuta na mama yake mzazi, mwanamke mwenye miguu iliyovimba ambaye hawezi kupanda hata ngazi ya mlangoni. Fundi alisema angetusaidia kama angeweza, kisha akatuonyesha mama yake kwa macho. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi dada akarudi kwangu, kwenye chumba cha uani, akiwa amekonda vibaya, na baada ya wiki chache chini rangi yake ilirudi. Shemeji alimwahidi kwamba atamfuata. Na hakuwa mtu wa kuahidi tu. Aliacha kazi, akapata nyingine ya kulinda lango la ghala la vifaa vya ujenzi, akashuka na sanduku lake na ile sweta. Mimi nilihamisha mashuka ya wateja ili wapate nafasi. Niliwaza kwamba sasa yamekwisha, watazeekea hapa, wataniudhi na vicheko vyao nyuma ya ukuta.

Siku ya kwanza alianguka uani. Tulicheka, naye akacheka. Siku ya pili alianguka tena, akiwa na ndoo ya maji. Magoti yake yalikuwa bado yanaingojea sakafu iende, na sakafu ya kwangu haiendi popote, ni udongo tu. Alikuwa anaegemea kabla ya wakati, kuelekea kitu ambacho hakiji. Kitandani ilikuwa mbaya zaidi. Alisema akifumba macho, kitanda kinaruka naye. Alikuwa anakaa macho mpaka kunakucha, ameshika mbao za pembeni. Chakula kikawa hakikai tumboni. Kule juu dada alikuwa anatapika kwa sababu nyumba inatembea, na huku chini mume wake anatapika kwa sababu imesimama.

Walimfukuza kule kwenye ghala. Msimamizi alisema hawezi kuweka mlevi langoni, na shemeji alipojaribu kumweleza habari za upepo na magoti, yule mtu alimwomba ampulizie pumzi. Alimpulizia. Akafukuzwa vilevile. Tulirudi kwa daktari wetu wa masikio, akasema mwili wake umeshachukua kule kuyumba kuwa ndiyo kutulia. Wapo wanaojifunza upya na wapo wasiojifunza. Nilimuuliza kama hilo ndilo jibu lake kwa kila mtu. Hakukasirika, alisema kwa bahati mbaya ndilo.

Tulijaribu kila kitu. Alitembea uani kila asubuhi akiwa amemshika dada mkono, kama mtoto anayefundishwa. Rafiki yake mmoja wa kazini aliwaazima chumba katikati ya mnara wa mbele, si juu si chini, kwa sababu mimi kwa mdomo wangu nilisema mbona wasikutane katikati. Wakakaa huko kipindi cha upepo. Dada alitapika, na shemeji hakulala, maana kwake ule mwendo ulikuwa mdogo mno. Walirudi wakiwa wagonjwa wote wawili, wameshikana mikono.

Alasiri moja nilikwenda chumbani kwao kuchukua kamba nikawakuta. Dada alikuwa ameweka kipande cha ubao chini ya miguu ya kitanda upande mmoja, amekaa kwenye kigoda, na anakitikisa kitanda kwa mguu. Kinakwenda, kinarudi, polepole. Shemeji alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Sikuwa nimemwona amelala tangu alipohamia. Na dada yangu alikuwa anamtazama, anafuatisha ule mwendo kwa macho, uso umemgeuka rangi ya majivu. Akainuka akatoka uani. Nikamsikia anatapika. Akarudi akafuta mdomo kwa kanga, akakaa, akaweka mguu tena.

Nilimwambia aache. Akanikemea kwa macho nisimwamshe. Alipotoka mara ya pili, sauti yake kule uani ilikuwa kubwa, na shemeji akafumbua macho. Akakitazama kile kigoda, akautazama ubao, akasikiliza.

"Shemeji," alisema, "amekuwa akifanya hivi kila siku?"

Nikamwambia sijui, ila leo nimemwona. Sikuona faida ya kumdanganya. Alilala hapo amekodoa macho darini mpaka dada aliporudi, kisha akajisingizia usingizi, na dada akaendelea kutikisa.

Kesho yake alikwenda kwa meneja. Kazi alirudishiwa bila maswali, mlango wa nyuma, na kile chumba cha juu pia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekitaka. Walizungumza wenyewe mlango ukiwa umefungwa na sikusikiliza, ingawa nilitaka. Nilisikia dada analia, halafu nikasikia wanacheka jambo fulani. Dada alimsindikiza mpaka kwenye lifti za chini, akambebea sanduku kwa sababu yeye mikono yake ilikuwa inahitaji kuta. Lifti ilipofunguka akampa sanduku. Aliniambia kwamba shemeji alipoingia ndani na lifti kutikisika kidogo, kabla mlango haujafungika sawasawa, alimwona mabega yake yanalegea, amepona. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Hiyo ni miaka sasa. Siku zake za mapumziko kukiwa na utulivu hushuka kuja kumwona, ndizo hizo safari zinazofanya watu wamwite mlevi. Wanakaa kwenye benchi mbele ya duka langu, bega kwa bega, dada anafuma, yeye anashika ukingo wa benchi. Hali kitu. Anavumilia mpaka jasho linamtoka, kisha dada ndiye anayemwambia aende, maana yeye hasemi. Nimewahi kumwambia dada waachane tu kila mtu atafute maisha yake, na hakuniongelesha kwa siku nyingi. Sijarudia. Hakuna kitakachobadilika. Jengo lile litadumu kuliko sisi, masikio yao yanazeeka, na hawa watu wawili watakufa kila mmoja kwenye kitanda chake, wakiwa wanapendana.

Juzi upepo wa kwanza wa mwaka ulivuma. Ulikuja ghafla, na uani nilikuwa nimeanika mashuka ya hoteli nzima. Mashuka yakajaa upepo, vibanio vikaanza kuruka, shuka moja likaenda kukaa kwenye paa la jirani. Nikatoka mbio nautukana upepo kwa kila tusi ninalolijua, na ninayajua mengi. Dada alikuwa katikati ya kamba, amesimama tu, amekiinua kichwa kuitazama ile minara. Nikampigia kelele anisaidie, upepo huu wa laana utatumaliza.

"Usiulaani," alisema. "Leo mume wangu atalala."

Akabaki amesimama pale, nami nikaanua mashuka yaliyobaki peke yangu.